Bawa la Kitana

Siku tuliyomzika mke wangu, mimi nililinda kabati. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili asije mtu akanifichulia kama siri. Wapo hapa Usagara wanaolisema mpaka leo, na hawasemi uongo.

Kabati lenyewe ni la vioo, nimelitengeneza kwa mkono wangu. Milango miwili, kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa unakaa shingoni kwangu kwenye kamba. Ndani yake siku hiyo yalikuwamo magari arobaini na moja. Si midoli. Mtu akisema midoli namwonyesha mlango. Ni magari ya mbio, yale yanayokimbia saa ishirini na nne mfululizo huko Ulaya, yakafanywa madogo kwa chuma cha kumimina kwenye kalibu. Kila moja linaenea kiganjani. Zidisha urefu wake mara arobaini na tatu unapata gari lenyewe, na ukipima kwa rula hukosi. Nimepima.

Mimi sikusoma. Baba alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, nikazaliwa kambini, nikafika darasa la nne, nikaona daftari halinipendi nami silipendi. Nikaingia karakana ya shamba kufagia. Kutoka ufagio nikashika nyundo, kutoka nyundo nikashika bomba la rangi. Gereji yangu ya bodi niliianza na nyundo mbili na jiwe. Gari lililobingirika Segera mara tatu, watu wanaliita chuma chakavu, mimi nimelirudisha barabarani na mwenyewe akalipita asilitambue. Sikubebwa na mtu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu huko mbele nitasema mengine ambayo si ya kujisifia.

Gari la kwanza nililikuta chini ya kiti. Haya magari ya mitumba ya Japani, ukifungua kiti cha nyuma unakuta vitu vya watoto wa watu: sarafu yenye tundu, kalamu, kijiti cha pipi. Siku hiyo nikakuta gari. La kijani na rangi ya chungwa, limelala chali kwenye vumbi, halina bawa la nyuma. Nikalifuta kwa kitambaa. Bwana wee! Pale kijani kinapokutana na chungwa, mpaka umenyooka kama ulichorwa kwa wembe. Mimi ni fundi rangi. Najua taabu ya kubandika tepu kwenye mlango mzima mpaka rangi mbili zikae bila moja kumwagikia mwenzake. Huyu aliyelipaka kaiweza kazi hiyo kwenye kitu cha kufichika mkononi. Nikamkubali.

Fundi umeme wangu akanitafutia kwenye simu mbio zenyewe. Nikaona magari hayo yanakimbia jua kali, jua linatua, yanawasha taa, yanaendelea. Mvua inanyesha, yanaendelea. Madereva watatu wanapokezana, gari lenyewe halina wa kulipokea. Akaniambia, "Mzee, hapa anayeshinda si lazima awe mwenye mbio kuliko wote. Ni yule ambaye gari lake halikuvunjika." Nikairudia ile picha mpaka akaniomba simu yake. Nilikuwa najitazama mwenyewe.

Basi ndivyo ilivyoanza. Wateja wakajua. Wale wa kutoa mizigo bandarini wakiona moja kwenye furushi wananiletea. Wauza mitumba sokoni wananiwekea. Binti yangu mkubwa anayeishi Arusha ananunua kwa simu, yanakuja posta yamefungwa kama dawa. Kusoma majina ya Kizungu nimejifunza humo, kwenye matumbo ya magari, maana kila moja jina lake limeandikwa chini. Sichanganyi ya miaka tofauti. Sigusi rangi hata ikichubuka, mimi niliyekula kwa kupaka rangi miaka yote hiyo. Gari lililokimbia halipakwi upya. Kovu lake ni lake.

Mke wangu hakuyapenda. "Hayali, hayavai, hayaugui," aliniambia. "Ndiyo maana unayapenda." Akayaita mke mwenzake. Wageni wakija anawaambia, "Karibuni, mimi ni mke mkubwa, mdogo yumo kabatini."

Lakini lile la kwanza, la kijani na chungwa, lilikuwa halina bawa, na mimi nilishindwa. Naliandika hivyo hivyo: nilishindwa. Nililikatia bawa la bati, likawa zito, gari likakaa kama kuku anayetaga. Nikakata la pili, nene. La tatu likapinda nikiligusa. Nikalitupa chini nikaenda kazini. Niliporudi jioni gari lilikuwa mezani na bawa jeusi mgongoni, jembamba, limekaa sawasawa na miguu yake miwili. Mke wangu alikuwa anachana nywele kwa kitana chenye pengo. Alikuwa amekikata ncha kwa wembe, akasugua kwa msasa wangu, akabandika kwa gundi yangu. Kazi ya mtu asiyejua hata jina la kile kitu.

Nikalinyanyua nikalitazama kwa jicho moja, kama ninavyotazama bodi. Nikamwambia, "Limepinda."

Hilo tu. Yeye akaendelea kuchana.

Alikufa mwaka jana, baada ya kuugua muda mrefu, na binti yangu wa Arusha alikuwa ameshakuja kumuuguza. Alifia nyumbani alfajiri, na kulipopambazuka nyumba ilikuwa imeshajaa.

Sasa nieleze habari ya mtani, maana bila yeye hakuna ninachosimulia. Sisi Wanyamwezi wa mkonge watani wetu huku ni Wabondei. Babu zetu walipita nchi yao na mizigo kichwani, wakapeana utani usioisha. Kwenye msiba mtani ana kazi. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza maneno yake, anachukua kitu anakificha mpaka kikombolewe. Wafiwa wanachekeshwa wakitaka wasitake. Na sheria ni moja: mtani hakasirikiwi. Ukimkasirikia mtani kwenye msiba umeuharibu msiba.

Mtani wetu ni mama mmoja mtu mzima wa Muheza, anauza machungwa. Alijuana na mke wangu tangu wote wawili wana meno ya mbele. Wakikutana matusi yanaanza mita hamsini.

Asubuhi hiyo vijana walikuja kutoa vyombo sebuleni ili watandike mikeka. Ndivyo inavyofanywa. Makochi yakatoka, meza ikatoka. Wakashika kabati, mmoja huku mmoja kule, wakaanza kuliinamisha.

"Acheni!" nikasema. "Mnaliinamishaje hilo?"

"Mzee, litapita vipi mlangoni?"

Nikavua ufunguo shingoni. Nikafungua. Nikaanza kuyatoa magari moja moja na kuyapeleka chumba cha pili, nikayapanga kitandani juu ya blanketi. Moja, nakwenda, narudi. Moja, nakwenda, narudi. Mara arobaini na moja. Ng'ambo ya ukumbi, mlango wa chumba chetu ulikuwa umefungwa na wanawake wako ndani wanamwosha na kumvika mke wangu. Kila nikipita nasikia maji yanamwagwa kwenye beseni. Nilikuwa naharakisha nipite. Nilipomaliza sikutoka kwenda kukaa na wanaume. Nikakaa kwenye kiti mbele ya kitanda, nikayalinda. Nilijiambia mtoto asije akakanyaga. Hakukuwa na mtoto humo ndani.

Hapo ndipo mtani akaingia.

Alikuwa amevaa gauni la mke wangu la maua, miwani ya mke wangu imefungwa uzi, na ndala zake. Akasimama mlangoni akashika kiuno vile vile.

"Mume wangu," akasema, kwa sauti ile ile, Mungu wangu, "chai inapoa. Au nimletee na huyo bibi mdogo, yeye anakunywa petroli?"

Ukumbini watu wakacheka. Mimi sikucheka.

"Enhe! Leo nimekufa, mume amekaa na bibi mdogo chumbani! Njooni muone! Mnyamwezi kafiwa analinda vyuma. Babu zenu walipita kwetu na pembe vichwani, mkachoka, mkakaa. Mpaka leo mzigo hamjautua!"

Akakisogelea kitanda. Akapitisha kidole juu ya magari, moja baada ya jingine, polepole, ananitazama mimi. Alipofika kwenye la kijani na chungwa akasimama. Simjui aliyemwambia. Akalinyanyua kwa bawa.

"Weka chini," nikasema.

"Huyu ndiye mwenyewe? Huyu mke mwenzangu leo twende wote. Tukalale sanduku moja."

"Usilishike kwa bawa. Weka chini."

"Komboa."

Nikasimama. Kiti kikaanguka. Sauti iliyonitoka naijua, ni ile niliyokuwa nawafukuzia wezi wa vipuri. "Weka chini gari langu utoke nyumbani kwangu! Toka!"

Kicheko cha ukumbini kikakatika. Hata beseni la maji likanyamaza. Mtani akavua miwani ya mke wangu taratibu, akaikunja.

"Umenifukuza, mtani?"

Nikainama kuokota kiti.

"Sawa. Nimesikia."

Akageuka na gari mkononi. Akavuka ukumbi. Akagonga chumba cha wanawake, akafunguliwa, akaingia, mlango ukafungwa.

Mimi nimezuia gari lisilo na breki kwa bega, chini ya mteremko. Mlango ule sikuweza hata kuusogelea. Chumba kile mwanamume haingii. Nikasimama ukumbini mikono inaninginia, watu wote wanatazama mikeka.

Alikaa humo ndani kitambo. Alipotoka alinijia moja kwa moja, akanyoosha viganja vyake viwili mbele ya uso wangu, akavigeuza huku, akavigeuza kule. Vitupu. Halafu akaenda jikoni kusaidia kumenya vitunguu.

Jeneza likaletwa. Nikamvizia binti yangu alipotoka chumbani, macho yamemvimba, nikamvuta pembeni ya tangi la maji.

"Mama, ulikuwamo ndani. Mtani kaweka nini?"

Akanitazama kama hanifahamu. "Baba, leo?"

"Nauliza tu. Kaweka kitu, hajaweka?"

"Baba. Leo unaniuliza gari?"

Akaniacha pale. Nilikuwa na swali moja tu kichwani na mtu wa kumuuliza hayupo. Nikimuuliza mtani, nitakuwa nimemkasirikia mara ya pili, na sasa nina kosa tayari. Nikiwauliza wanawake wengine, msiba wote utajua mzee anatafuta kigari chake. Niliona aibu na sikuona aibu. Vyote viwili kwa pamoja, sijui nielezeje.

Ukafika wakati wa kuaga. Jeneza liliwekwa sebuleni, mahali pale pale lilipokuwa kabati. Watu wanapita upande huu wanatokea upande ule. Zamu yangu ilipofika nikasogea. Walimfunika shuka jeupe mpaka kifuani, uso wazi, mikono chini ya shuka. Nami, mume wake tangu kambini, niliyekula cha mkono wake maisha yangu yote, sikumtazama uso. Nilitazama shuka. Nilitafuta pale kwenye vidole, pale ubavuni, pale miguuni, kama pana kitu kimeinuka. Ukubwa wa kiganja. Nina jicho la kuona bonde kwenye boneti ambalo mwenye gari halioni hata akionyeshwa. Niliinama nikatazama kwa jicho moja.

Katekista akanigusa bega. "Mzee, twende mbele."

Nikasogea. Seremala akafunika. Nikasikia msumari wa kwanza, ndipo nikajua kwamba uso sikuuona.

Misumari sita. Niliihesabu.

Tulimpeleka makaburi ya kambi, walikolala wazazi wake na wangu, katikati ya mkonge. Gari lililombeba ni pikapu ambayo niliipaka rangi mwenyewe, nyeupe. Mimi nilikaa mbele na dereva. Mtani alikaa nyuma, mkono wake juu ya jeneza, bado amevaa lile gauni la maua. Kwenye kioo cha pembeni namwona. Kila barabara ikirusha gari ananikazia macho kwenye kile kioo, anagonga jeneza mara mbili kwa kidole, ko ko, kama mtu anayebisha hodi.

Dereva akaniuliza, "Mzee, joto? Mbona unatoka jasho hivyo?"

"Endesha gari," nikamwambia.

Tukafika. Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, udongo mwekundu, kuta zimenyooka. Katekista akasoma. Kamba zikawekwa tayari. Wanaume wanne wakashika. Kabla hawajanyanyua, mtani akapita katikati yao, akakaa ukingoni, akashuka kaburini. Akajilaza chali, mikono kifuani, miwani ya mke wangu usoni.

"Aaah," akasema kutoka chini. "Hapa baridi safi kama kule Amani milimani. Marehemu atafute pengine, mimi nimeshafika."

Watu wakacheka. Ni desturi, kila mtu alikuwa anaingoja. Binti yangu akafungua pochi atoe hela ya kukomboa kaburi.

"Funga pochi, mwanangu. Sitaki hela zenu. Mnyamwezi yuko wapi?"

"Yuko hapa," watu wakasema, wakanisukuma mpaka ukingoni.

"Asubuhi ulikuwa na mdomo mwingi. Nataka mdomo huo huo. Sema unachotaka mbele za watu wote hawa. Ukisema, natoka. Usiposema, tutalala hapa mpaka mkonge uote maua."

Hakuna aliyecheka sasa. Walisikia kwamba hii haikuwa ya utani mtupu.

Seremala alikuwa amesimama mkono wa kulia kwangu. Nyundo yake, yenye kucha ya kung'olea, imechomekwa mkandani. Ningeweza kuifikia bila kusogeza mguu. Misumari sita, naijua, inchi mbili, mbao laini. Kuing'oa ni muda wa kumenya chungwa. Na wangeniacha. Mfiwa akisema fungueni nimwone mara ya mwisho, nani atamzuia? Ningefungua, ningenyanyua shuka, ningejua. Na watu wote wa kambi na wa Usagara wangeniona ninachokitafuta. Na yeye amelala pale, anafunuliwa juani kwa ajili ya mke mwenza wa chuma. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda. Mimi mwenyewe niliuona unakwenda.

Mtani kule chini alikuwa ananitazama. Miwani inang'aa.

"Kama umemwekea," nikasema, "mwachie."

"Nini? Sikusikii. Huku chini mbali."

"Nimesema kama gari limo, mwachie!"

"Gari gani? Unayo mengi."

"La kijani. Lenye bawa." "Lile bawa ni lake. Alilitengeneza kwa kitana chake. Mimi nilishindwa mara tatu, yeye akaweza mara moja."

"Ukamwambiaje?"

Nikatazama udongo.

"Mnyamwezi! Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia limepinda."

Nikasikia kamba inavyosugua jeneza.

"Na lilikuwa limepinda?"

Mimi sidanganyi kuhusu kazi. Hata pale. "Kidogo," nikasema.

Mtu mmoja nyuma akaguna, kisha mwingine, kisha kicheko kikavuka watu wote pale makaburini kama moto kwenye nyasi, wanaume kwa wanawake, hata katekista alifunika mdomo kwa kitabu. Binti yangu alicheka akajishika tumbo. Nami nilicheka, kisha sikuwa nacheka tena, na hakuna aliyenitazama vibaya. Toka alfajiri nilikuwa sijatoa chozi.

Mtani akainuka, akajipangusa udongo, akanyoosha mkono juu. "Nivute. Mifupa hii si yako ile ya kubeba pembe."

Nikamvuta. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Jeneza likashuka.

Siku ya kuanua matanga nilihukumiwa. Kosa la kumfukuza mtani msibani lina faini, na faini yake aliipanga mwenyewe: kuku mweupe, apikwe na mimi, aandaliwe na mimi, nimnawishe mikono mbele ya wote. Sikuwahi kupika kuku maisha yangu. Nilimuunguza huku, nikamwacha mbichi kule. Mtani akatafuna, akatafuna, akameza.

"Huyu ana rangi ya chini, ya praima," akasema. "Ulisahau kumpiga msasa."

Nilipomnawisha mara ya pili nikainama karibu na sikio lake. Nikamuuliza kwa upole, kiungwana, maana sasa tumepatana. "Mtani. Limo au halimo?"

Akajifuta mikono kwenye khanga yake, kidole kimoja kimoja.

"Fukua," akasema.

Mpaka leo sijui. Binti yangu anasema hakuona, alikuwa amefumba macho akimfunga mama yake kitambaa. Wanawake wengine waliokuwamo nikiwakaribia wanaanza kuzungumzia bei ya mchele. Nimerudisha kabati mahali pake. Magari arobaini. Pale pa lile la kwanza nimeweka kitana chenye pengo, nilikikuta kwenye mkoba wake wa dawa, na nywele mbili bado zimo. Kufuli siifungi tena, maana ufunguo niliupoteza siku ile makaburini na sijaenda kutafuta.

Mtani anakuja siku za soko na machungwa. Anakaa, ananitukana, anakunywa chai yangu ambayo anasema ina ladha ya tinna ya kuyeyushia rangi. Kila akija namtazama pindo la khanga kiunoni, pale wanawake wanapofunga vitu. Anajua ninapotazama. Akitaka kunitesa anapapiga kwa kiganja, pa, pa, halafu anaomba sukari.

Wiki iliyopita nilimwambia. "Sikiliza, Mbondei. Wewe na mimi umri ni mmoja. Ukinitangulia, nakuja huko Muheza kwenu. Nitavaa gauni lako. Nitashuka kaburini kwako nilale chali, na sitoki mpaka uniambie."

Akalimenya chungwa lote, ganda moja refu lisilokatika, akaliweka juu ya meza yangu.

"Njoo," akasema. "Lakini sogea pembeni ukilala. Usije ukalivunja bawa."